Mwaka Mwali Alipoungua Mchana Kweupe

Aliyeniletea habari ya kifo cha Mama Somoe ni kondakta wa basi la Newala. Nilikuwa nimelala chali chini ya dashibodi ya basi lao, skrubu mdomoni, natafuta waya wa spika uliokatika, yeye kakaa mlangoni anafyonza mabibo. Akasema tu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba leo wataondoka Masasi mapema, kuna msiba Newala na abiria watakuwa wengi. Nikamuuliza msiba wa nani. "Wa yule mama aliyemuunguza mwanawe kwenye unyago," akasema. "Si unamjua? Mama Somoe." Nikaitema skrubu. Kondakta mwenyewe mwaka ule alikuwa bado anakimbia uchi mitaani, halafu hana jina jingine la kumpa yule mwanamke ila hilo. Nilimaliza kazi yao, nikafunga banda, nikambeba mtoto wangu wa pili mgongoni, nikapanda basi lilelile kwenda kuzika.

Nilifika jeneza likiwa linatolewa mlangoni. Kwetu msiba hauendi bila watani, na mtani akisema humjibu kwa hasira, hilo kila mtu analijua. Alikuwepo mmoja, mama mnene kavaa kofia ya mwanamume iliyotoboka, kashika ungo. Akalitangulia jeneza, akaanza kulipepea kwa ungo wake kama mtu apepeaye jiko. "Rudini nyuma jamani! Huyu hashikwi kwa mikono mitupu, huyu ana moto! Leteni maji! Na maji yenyewe Newala yako wapi?" Watu wakacheka, hata waliobeba wakacheka, jeneza likatikisika. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Mtani, huyu hakuwa na moto." Akanitazama toka miguuni mpaka kichwani, suruali yangu ya kazi ikichungulia chini ya khanga. "Na huyu fundi gereji katokea wapi? Umekuja kuzika au kubadilisha tairi?" Wakacheka tena. Wanaume wakaondoka na jeneza, sisi wanawake tukabaki kwenye mikeka. Hapo ndipo nilipoamua kuandika habari za mwaka ule, na naziandika kwa hasira, sitaki zipoe.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka kidato cha nne na matokeo ya kufungia maandazi, na Shani mwanangu alikuwa bado hajaota jino. Serikali ilikuwa imeachia biashara ya korosho. Zamani mkulima alipeleka magunia yake kwenye chama cha ushirika, akasubiri, akanung'unika, akarudi nyumbani. Sasa wanunuzi binafsi walimiminika kila mmoja na mizani yake, na mkulima akawa wa kubembelezwa. Walimbembeleza kwa muziki. Anayepiga muziki mkubwa ndiye aliyepata magunia mengi, ilikuwa wazi hivyo. Tajiri Mbaraka, aliyekuwa akiuza salfa ya kupulizia mikorosho kabla hajaanza kununua korosho zenyewe, alishuka Masasi na pikapu yake kumtafuta mtu wa kuifungia muziki. Akampata mume wangu, Baba Shani, fundi umeme wa magari. Akatuchukua mzimamzima, fundi, mke, mtoto na godoro, akatupandisha Newala na kutupa chumba kimoja katika nyumba yake ya vyumba sita.

Kile chumba nakikumbuka kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulala. Sakafu ya udongo, dirisha la ukubwa wa sahani, na ukuta usiofika juu. Kuta zote za nyumba ile ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, juu yake ni hewa tupu mpaka kwenye mabati, kwa hiyo jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinuka kitandani. Jirani yetu wa ukutani alikuwa Mama Somoe na mumewe, Baba Somoe, aliyekuwa mpima mizani wa Tajiri. Mama Somoe ndiye aliyenifundisha kuishi Newala. Maji ya kuoshea mtoto ndiyo hayohayo ya kuoshea vyombo, na ya vyombo ndiyo ya kumwagia mchicha. Akipika ugali wa muhogo na mbaazi, ananipitishia bakuli juu ya ukuta, naona mkono tu, na sauti: "Mama Shani, pokea kabla sijamwaga. Mnyonyeshaji hali vikavu." Siku akipata ming'oko, vile viazi vya porini, alinipitishia imechemshwa na chumvi, ya moto, nikala nimesimama.

Baba Shani alifanya kazi uani, nami nikamshikia waya huku mtoto yuko mgongoni. Siyo kwamba aliniomba. Nilikuwa nimechoka kukaa, na fizikia ndiyo somo pekee ambalo sikulipata kwa aibu. Kwa hilo namshukuru, nasema ukweli wangu wote: alinifundisha vizuri. Alinifundisha kukwangua rangi ya bodi mpaka bati ling'ae kabla ya kufunga waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi, maana rangi haipitishi umeme. Alinifundisha kwamba waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye amplifaya unafungwa fyuzi palepale karibu na betri, si mwisho wa safari, ili waya ukigusa bati popote njiani fyuzi ikatike kabla waya haujawa jiko. Kapasita ndiyo iliyonifurahisha zaidi, lile kopo la fedha linalonyonya umeme na kuutema besi ikipiga, taa za gari zisififie. Kapasita mpya huiungi hivihivi kwenye betri, itakurushia cheche usoni. Unaweka balbu ndogo katikati. Balbu inawaka, inafifia polepole, inazima, hapo ujue kopo limeshiba. Na ukitaka kuifungua, unaitoa umeme kwa balbu hiyohiyo kwanza. Tulikaa uani tukiitazama ile balbu ikizima, Shani ananyoosha mkono kuitaka, na Mama Somoe akipita na ndoo akasema, "Nyie wawili mnaangalia taa kama wengine wanavyoangalia mwezi." Ulikuwa mwaka wa njaa na vumbi, lakini siku ile nilicheka.

Kilichoharibu ni salfa. Kila mtu kule juu anaijua, ule unga wa njano unaopuliziwa mikorosho isipate ukungu, unanuka nguoni hata ukifua mara tatu. Pikapu ya Tajiri ilikuwa imebeba mifuko ya salfa tangu Juni, na unga ulijaa kila tundu, chini ya mkeka wa plastiki nyuma, kwenye mikunjo ya bati, mpaka ndani ya boneti. Salfa inakula shaba. Kila mahali waya ulipoungana paliota weusi, pakawa na joto, na kwenye kishikizo cha fyuzi palikuwa pabaya kuliko pote. Fyuzi ikawa inakatika katikati ya wimbo. Nilimwambia Baba Shani tufungue vyote, tusugue kwa msasa, tuweke kishikizo kipya, na pale waya unapopenya kwenye tundu la bati tuuvishe mpira wa baiskeli, maana bati lilikuwa limeanza kuukata. Alikubali. Ndipo Tajiri Mbaraka akafika, kanzu kaikunja mpaka magotini.

"Fundi, muziki umekatika tena pale mnadani. Unajua wakulima wamekwenda wapi? Kwa jirani."

"Fyuzi, Tajiri. Nipe leo tu niisafishe."

"Hiyo fyuzi kazi yake nini?"

"Kukata, ikizidiwa."

"Basi mimi sitaki kinachokata. Nimekuleta hapa uniunganishie, siyo unikatie. Toa."

Nikasema, "Tajiri, shikamoo. Bila fyuzi gari litaungua." Hakuitikia marahaba. Akamwambia mume wangu, "Na mkeo anafundisha shule gani?" Wakacheka wote wawili, na kicheko cha mume wangu ndicho kilichoniuma. Akachukua nyuzi za shaba, akazisokota, akazifunga pale palipokuwa na fyuzi. Muziki haukukatika tena.

Desemba shule zilipofungwa, wasichana wakaingizwa unyagoni, na Somoe alikuwa mmojawao. Asiyetoka kwetu nimweleze kidogo. Mtoto akiwa ndani, wazazi wake wanafunga. Hawalali pamoja mpaka mwali atolewe, wala hawaendi nje ya ndoa. Mzazi akivunja, mtoto ndiye anayepata balaa. Sijui nani aliyeanza kuamini hivyo, lakini Mama Somoe aliamini mpaka kwenye mifupa. Mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili wa ukuta na nitasema nilichokisikia, kwa kuwa nilisikia kila kitu. Nilimsikia akitandika mkeka wake chini na kumwachia mumewe kitanda. Nilimsikia akimwambia, "Baba Somoe, mtoto yuko ndani, tuvumilie." Nikamsikia mumewe akisonya, akivaa kandambili, akitoka. Ilikuwa msimu wa korosho, mpima mizani ana hela, na mjini kulikuwa na mwanamke mmoja muuza pombe ya mabibo ambaye kila mtu alimjua. Alirudi asubuhi ananuka mabibo. Mama Somoe alimwekea maji ya kuoga, tena katika mji ule wa maji ya kununua.

Siku ya kuwatoa wali, wale wasichana wa unyagoni, Tajiri alijitolea pikapu yake iwazungushe mji mzima na muziki. Alijitolea kwa sababu watu wote wangekuwa barabarani, na watu wote wana korosho. Jua lilikuwa utosini. Wali wakapakiwa nyuma, wamekaa juu ya magodoro, wamefunikwa khanga mpya kuanzia kichwani, vichwa chini. Mwali hasemi. Mwali halii, hanyanyui uso, hajikuni hata nzi akimtua jichoni, mpaka akabidhiwe kwa wazazi mbele ya watu. Kukaa kimya ndiyo heshima yote aliyofundishwa kule ndani. Gari likaenda polepole, besi inatingisha mabati ya maduka, wanawake tunapiga vigelegele pembeni, na mimi nikawa nasikia harufu. Nikafikiri ni nguo za watu. Kisha muziki ukakatika, na hapakuwa na fyuzi ya kuukata.

Moshi ulikuwa kidogo sana. Moto haukuonekana kabisa. Wali wa pembeni wakaanza kukohoa na kuruka, mila au si mila, lakini Somoe alikuwa amekaa katikati, juu ya pale waya ulipopita, na Somoe alikuwa amefundishika. Alikaa. Niliona khanga yake inatoboka magotini, matundu yanakua yenyewe, kingo nyeusi, na hakuna ulimi wa moto. Kama panya asiyeonekana anaila. Mama Somoe aliona nilichokiona. Na mama hatakiwi kumgusa mwali kabla hajakabidhiwa. Alipanda lile gari kwa mikono na meno, akamshika mwanawe kwapani, akamvuta, na ile khanga ilipopata upepo ikalipuka moto mwekundu mikononi mwake mbele ya mji mzima. Hicho ndicho watu walichokiona. Walimwona mtoto amekaa salama, wakamwona mama anamgusa, wakauona moto.

Walimwagia mchanga. Mguu wa Somoe uliungua kuanzia pajani mpaka kifundo. Kabla jua halijatua mji mzima ulikuwa unasema kitu kimoja: mama hakufunga.

Kikao kilifanyika kesho yake uani petu. Alikuwepo nyakanga, yule bibi mkuu wa unyago, walikuwepo wazee wa kiumeni, Baba Somoe, Tajiri Mbaraka, na pikapu yenyewe imeegeshwa pale pale na nyuma yake nyeusi. Mama Somoe alikaa chini, mikono imefungwa matambara, maana na yeye aliungua, ingawa sikumsikia mtu yeyote akimpa pole. Nyakanga akamuuliza kwa upole kama alifunga. Akasema, "Nilifunga, bibi." Baba Somoe akaulizwa kama alilala naye. "Mimi sikumgusa," akasema, na kwa hilo hakudanganya. Mzee mmoja akasema, "Basi kama si mumewe, ni nani?" Hakuna aliyemuuliza Baba Somoe yeye alilala wapi. Nasema tena, hakuna.

Sikuwa nimealikwa kusema. Nilikwenda kwenye pikapu, nikakwangua salfa iliyobaki kwenye mikunjo ya bati, nikaiweka juu ya kifuniko cha sufuria, nikakileta katikati ya kikao, juani, Shani mgongoni. Nikawasha kiberiti.

"Wazee wangu, shikamooni. Mnauona moto?"

"Marahaba. Hatuuoni. Umezimika."

Nikashika jani kavu la mgomba, nikaliweka juu. Likajikunja, likawa jeusi, likawaka. Harufu ikawaingia puani, wazee wakaanza kukohoa, mmoja akafuta machozi na kusema, "Aa, hii si salfa?" Nikasema ndiyo salfa, mnaipulizia kila mwaka, ikiungua juani moto wake hauonekani. Nikawaeleza waya ulikatwa na bati, ukawa mwekundu kama mkaa, ukawasha salfa chini ya godoro, na kilichotakiwa kuuzuia ni fyuzi, na fyuzi ilitolewa. Nikasema na aliyeamuru itolewe. Nikamnyooshea kidole.

Nyakanga alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na sitamsingizia. Akasema, "Mwanangu, umesoma, na tumeona. Salfa inaungua. Lakini gari hili limepiga muziki msimu mzima na halikuungua. Kwa nini liungue siku mwali yumo?" Wakatikisa vichwa kumkubalia. Nikasema, "Bibi, kwa sababu ndiyo siku bati lilipomaliza kuukata waya." Mzee wa machozi akamgeukia mume wangu. "Fundi, kazi ni yako. Mkeo anasema ulitoa fyuzi. Kweli?"

Baba Shani alimtazama Tajiri. Hakunitazama mimi. "Fyuzi ipo," akasema. "Fungueni muone."

Wakafungua boneti. Fyuzi ilikuwepo. Mpya, kioo chake kinang'aa, hata vumbi haina, imekaa kwenye waya ulioungua plastiki yake yote mpaka shaba ikabaki uchi. Nikapiga kelele, "Jamani, waya umeteketea mzima, fyuzi ibaki nzima? Fyuzi gani hiyo? Hiyo imewekwa jana jioni!" Lakini kwao fyuzi ilikuwa kitu kilichopo au kisichopo, nao walikuwa wamekiona kwa macho yao. Tajiri Mbaraka akasema, "Mmemsikia fundi," akakunjua kanzu yake. Baba Somoe akasimama na kumpa mkewe talaka palepale, kwa sauti ya juu, kama anayetaja kilo za gunia.

Mama Somoe alinipitia mlangoni akiwa amebeba mkeka wake. Mtoto walimzuia, walisema atatunzwa na shangazi yake. Alinitazama na akanong'ona, "Mama Shani, usiseme tena. Utaachwa na wewe." Nikamwambia na niachwe. Usiku mume wangu alizungumza na paa, hakuzungumza na mimi: "Ulitaka tule nini?" Nilikuwa nasikiliza upande wa pili wa ukuta, hakuna mtu wa kukohoa. Korosho za mwisho hazijanunuliwa, yule muuza pombe alikuwa amehamia chumba kile, anacheka juu ya ukuta, na mimi nikamvumilia Baba Shani mpaka mtoto alipoanza shule. Halafu nikachukua koleo lake na kipimio chake, nikashuka Masasi. Sasa nina banda langu na mtoto wa pili ambaye baba yake ni mtu mwingine. Mteja akiniambia "weka waya tu dada, fyuzi inasumbua," namrudishia ufunguo wa gari lake. Wengi wanakwenda kwa fundi wa jirani. Waende.

Yote hayo yalikuwa kichwani mwangu pale kwenye mkeka wa msiba, wanaume wako makaburini, wanawake wanapukuchua mahindi ya kupikia makande, mwanamke mmoja alipokuja kukaa karibu yangu. Alikuwa na mtoto mdogo na alikalia upande mmoja, mguu mmoja kaunyoosha. Sikumtambua mpaka alipousogeza na kovu la moto likaonekana.

"Wewe ndiye fundi redio?" akauliza. "Mtani kasema umemjibu."

Nikamwambia mimi ni Mama Shani, nilipanga ukutani kwa mama yako.

"Kwa nini ulisema hakuwa na moto?"

Nikamweleza. Salfa, waya, tundu la bati, fyuzi mpya kwenye waya uliokufa. Nikamweleza kuhusu mkeka uliotandikwa chini, na kandambili za baba yake zikitoka. Nilimweleza kama ninavyomweleza mteja, taratibu, kwa kuwa alikuwa ananisikiliza kwa mdomo wazi na nilijua hajawahi kuelezwa na mtu. Siku ya kikao alikuwa amelazwa, anaweweseka kwa homa. Alipopona aliambiwa neno moja tu na ndilo alilokua nalo.

"Alikuwa analeta ming'oko kwa shangazi," Somoe akasema. "Kila msimu. Anaweka mlangoni, haingii. Mimi nagawa kwa majirani. Sikuwahi kula hata mmoja. Niliogopa mikono yake." Akauvuta mguu wake karibu. "Leo asubuhi waliniita nije kumuosha. Nilikataa."

Mwanangu alianza kulia, nikampa ziwa. Somoe akainuka kwa kushika bega langu, akamfunga mtoto wake mgongoni kwa khanga, akatoka mpaka kwenye kona ya nyumba ambako njia ya makaburini inaanzia. Nikamfuata. Wanaume walikuwa wanarudi tayari, majembe mabegani, udongo mwekundu mpaka magotini, wanazungumza bei ya msimu huu. Baba Somoe alikuwa miongoni mwao, amezeeka, kofia safi. Alipomfikia mwanawe alisimama mbele yake, akasubiri shikamoo, kama baba yeyote anavyosubiri. Waliokuwa nyuma yake wakasimama pia. Alingoja. Akakohoa kidogo, akasogea karibu, akaukunjua uso wake tayari kwa marahaba.

Somoe alimtazama machoni, mdomo umefungwa, mpaka mzee akainamisha kichwa na kupita pembeni.